Tupeane uzoefu: Iniesta alipigiwa makofi hata na mahasimu, wenzake je?

Kiungo Mchezeshaji (mtoa mada):

Wakuu, salaam.

Kile kizazi cha Hispania kilichobeba Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012 kilikuwa na mastaa wa kumwaga. Golini Casillas, nyuma Ramos, Puyol na Piqué, katikati Xavi, Busquets, Xabi Alonso na Iniesta, mbele Villa na Torres. Makombe wanayo. Ila ukija kwenye suala la kupendwa, wanaachana mbali. Piqué alizomewa akiwa amevaa jezi ya taifa lake, ndani ya nchi yake, León Juni 2015 na tena Oviedo Septemba mwaka huohuo. Casillas, mtoto wa nyumbani kabisa, alipigiwa miluzi Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, kabla hajahamia Porto. Ramos akirudi Sevilla na Real, klabu iliyomlea, alikuwa anapokewa kwa matusi.

Iniesta yeye alikuwa akipigiwa makofi ugenini, na watu wasioitaka Barcelona hata kuisikia.

Sasa sitaki mtu aniletee takwimu za pasi hapa. Nataka ushuhuda. Huko ulikokuwa, kijiweni, kazini au ughaibuni, nani kati yao alipendwa, na ulionaje kwamba anapendwa?

Naanza mimi. Fainali ya 2010 nilitazamia kibanda umiza Morogoro, kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu. Zaidi ya nusu ya waliokuwemo walikuwa upande wa Uholanzi, na sababu ilikuwa Ghana. Si mnakumbuka Suárez wa Uruguay alivyoudaka mpira kwenye mstari robo fainali, Gyan akagonga mwamba? Uholanzi ndio waliomtoa Uruguay nusu fainali, kwa hiyo tukaona tuna deni nao. Deni lenyewe lilidumu dakika 28. De Jong alipomtia Xabi Alonso teke la kifua na refa Webb akatoa kadi ya njano tu, wazee wa mbele wakahamia Hispania palepale.

Karibu saa sita usiku, dakika ya 116, Fàbregas anampenyezea, Iniesta anautuliza, anausubiri udunde, anaupiga. Kipa Stekelenburg aliugusa lakini haikusaidia kitu. Jamaa akavua jezi, ndani fulana nyeupe imeandikwa kwa kalamu. Mle ndani hakuna aliyejua kimeandikwa nini. Mmoja akatuhakikishia kwa kiapo kwamba ni jina la mchumba wake.

Kesho yake redio ndiyo ikatuambia. Lilikuwa jina la Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, aliyefariki kwa moyo Agosti 2009 akiwa na miaka 26. Walijuana tangu timu za taifa za vijana. Espanyol ndio mahasimu wa Barcelona wa mji mmoja. Yaani ni sawa na mchezaji wa Yanga afunge goli la ubingwa wa dunia, halafu afunue kifua kiwe na jina la marehemu nahodha wa Simba. Desemba mwaka huo Barcelona wakaenda kwa Espanyol, wakawafunga 5-1, na uwanja wa waliofungwa tano ukasimama kumpigia makofi Iniesta.

Karibuni.

Bluu Damu:

Nimefungua uzi huu roho ikiniuma. Mtoa mada umeanzia 2010 kwa makusudi ili uruke tarehe 6 Mei 2009.

Stamford Bridge, uwanja wetu Chelsea, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Barcelona. Essien kaachia fataki la mguu wa kushoto dakika ya tisa, mpira umegonga mwamba na kuzama. Barca wamebaki kumi baada ya Abidal kutolewa. Penalti tunanyimwa moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa Ubungo, na dakika ya 90 nilishainuka kwenda kulipa soda za watu wote meza yetu, furaha imenizidi. Nikiwa nimempa mgongo runinga nikasikia kelele. Si za upande wetu. Nilipogeuka, kijana mdogo mweupe kama karatasi anakimbia huku anapepea jezi. Shuti lao la kwanza la maana usiku mzima. Na soda nikazilipa, maana nilishaagiza.

Ila nikiri kitu kimoja kinachonishangaza hadi leo. Matusi yetu yote usiku ule yalikwenda kwa refa Øvrebø. Drogba naye alifokea kamera kwa ajili ya refa. Hakuna hata mmoja kijiweni aliyemtukana Iniesta, na yeye ndiye aliyetuua. Angekuwa Busquets au Dani Alves kafunga lile goli, hadi kesho tungekuwa tunamlaani.

Kop wa Kisauni:

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba huku kwetu watu walikuwa wakiitazama ligi ya Hispania. Kwa Mombasa niliyokulia mimi, Mhispania alikuwa mmoja tu, Fernando Torres. Xavi na Iniesta tulikuwa tukiwaona Ligi ya Mabingwa. Torres wa Liverpool tulikuwa naye kila wikendi. Kinyozi wetu Kisauni alikuwa na picha yake ukutani, nywele za dhahabu zimefungwa kwa kitambaa, na vijana wenye nywele zetu hizi za kipilipili wakikaa kwenye kiti wanaonyesha kidole: "Kama yule." Kinyozi hakubishani, anachukua pesa yake.

Goli la fainali ya Euro 2008 dhidi ya Ujerumani, pale alipomzunguka Lahm, lilishangiliwa mtaani kama Liverpool ndio wamebeba kombe.

Kisha ikaja tarehe 31 Januari 2011. Chelsea, pauni milioni 50. Kule Liverpool kuna waliochoma jezi mbele ya kamera. Kaka yangu hakuchoma. Aliipeleka jezi namba 9 kwenye gereji alikokuwa akifanya kazi, ikawa kitambaa cha kufutia oili. Nilikwenda kumtembelea baada ya miezi, jina lilikuwa bado linasomeka mgongoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Torres alipendwa kuliko Iniesta, tena mbali sana, lakini mapenzi yenyewe yalikuwa ya klabu. Siku alipoondoka yakaondoka naye. Iniesta alipoaga Barcelona 2018 alisema wazi hatakwenda timu yoyote itakayomkutanisha na Barcelona. Akaenda Japani. Mtu kama huyo unamchukiaje?

Bluu Damu:

Kop, msalimie kaka yako. Mwambie kile kitambaa cha oili ndicho kilichofunga Camp Nou Aprili 2012, mbio peke yake nusu uwanja mzima, akamzunguka kipa Valdés, 2-2, sisi fainali. Deni la 2009 lililipwa na Mhispania mwenzao.

Dada wa Lavapiés:

Habari zenu. Mimi naishi Madrid, nafanya kazi jikoni kwenye baa. Mpira siujui kwa undani, ila baa za huku zinakufundisha kwa lazima, maana runinga haizimwi.

Tarehe 21 Novemba 2015, Real na Barcelona, Bernabéu. Ilikuwa wiki moja baada ya yale mashambulizi ya Paris, polisi kila kona. Mwenye baa yetu ni Real damu, mzee wa makamo, ana leso ya klabu imetundikwa juu ya mashine ya kahawa. Goli la kwanza akatukana. La pili akanyamaza. La tatu Neymar akamrudishia Iniesta kwa kisigino, Iniesta akaukandamiza juu. Mzee akaweka glasi aliyokuwa akiifuta, akaegemea kaunta. Ikaisha 4-0.

Uwanjani nako watu walikuwa wameanza kuizomea timu yao wenyewe, wanapunga vitambaa vyeupe, wanamtaka rais wao Florentino Pérez ajiuzulu. Iniesta alipotolewa, ile miluzi ikageuka makofi. Na mzee wangu naye kwenye kaunta akapiga makofi, mara tatu nne hivi, kama mtu anayelipa bili asiyoitaka.

Sasa naomba niseme nilivyoielewa mimi, kwa sababu naona huko nyumbani mnaifanya kama hadithi ya malaika. Yale makofi nusu yake yalikuwa fimbo kwa kocha Benítez na kwa wakubwa wa klabu. Nusu nyingine ndiyo ya Iniesta. Na hiyo nusu ya Iniesta ina siasa ndani yake. Jamaa hakuzaliwa Katalunya. Kwao ni Fuentealbilla, kijiji cha Albacete, huko La Mancha, akapelekwa Barcelona akiwa na miaka 12 na akalia sana siku za mwanzo. Kwa watu wa Madrid huyo ni mtoto wa Hispania aliyekwenda kufanya kazi Barcelona. Piqué ni mzawa wa Barcelona, aliunga mkono watu wapige kura ya maoni ya kujitenga, na juu yake alikuwa hachoki kuwachokoza Real mtandaoni. Kura ile ya Oktoba 2017 ilipovuruga nchi, Piqué alilia mbele ya waandishi. Iniesta aliandika tu kwamba wakubwa wakae wazungumze. Kila upande ukasoma ulichotaka.

Baa yetu hadi leo ukitaja Piqué unaharibu chakula cha mchana.

Mzee wa Ngongo:

Dada umetufungua macho. Asante.

Ngome ya Kirumba:

Mimi ni Madrid, Mwanza hapa. Wote mnamkwepa Ramos, haya nimsemee.

Sisi wa Madrid tunampenda Ramos kuliko mtu yeyote wa kizazi kile. Lisbon 2014, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Atlético wameshajiona mabingwa, dakika ya 93 Ramos anaruka kichwa. Mimi nilikuwa nimeshafunga duka la jirani aliyenikaribisha, nimetoka nje kwa hasira, nikarudishwa na vigelegele. Mapenzi ya namna ile Iniesta hawezi kuyapata kwangu.

Lakini jaribu kuvaa jezi ya Ramos hapa Afrika baada ya Kyiv 2018, fainali ambayo Ramos alimwangusha Salah wa Liverpool akaumia bega. Nilivaa yangu asubuhi yake. Bega la Salah lilikuwa la bara zima siku ile. Konda wa daladala alinikatalia siti ya mbele, akasema nenda kakae nyuma na mwenzako mvunja mabega. Mzaha, ila hakucheka. Mama muuza matunda ambaye najua hajui hata timu moja ya Ulaya alinitazama jezi, akauliza, "Huyu ndiye yule?"

Ramos mwenyewe naona hilo halimsumbui hata kidogo. Hakuwahi kuomba apendwe na nyinyi.

Mgeni wa Doha:

Wakuu, huku Katari tulimpata Xavi. Alikuja Al Sadd 2015, akacheza hadi 2019, akawa kocha palepale mpaka Barcelona walipomwita Novemba 2021. Kabla yake Al Sadd walikuwa na Raúl.

Mimi nilikuwa mlinzi, kampuni ikitupanga uwanjani siku za mechi. Mechi za ligi huku viti vingi vinabaki vitupu. Unasikia hadi kocha anavyoita majina. Kwa hiyo nimemwona Xavi kwa namna ambayo wengi wenu hamkumwona: umri umekwenda, mbio hana, lakini kabla mpira haujamfikia ameshageuza shingo kushoto, kulia, kushoto tena. Sikumwona akishtukizwa hata siku moja. Wakenya wenzangu tuliokuwa getini tulikuwa tukibadilishana zamu ili kila mtu apate dakika za kumtazama.

Ila kupendwa? Alikuwa anaheshimiwa. Wahindi, Wanepali, Wamisri, wote wanamwita fundi. Lakini Xavi ana maoni. Nyasi ndefu, ana neno. Timu inajihami, ana neno. Baadaye akawa kocha, na ukishakuwa kocha ndiyo basi, hata Barcelona waliomlilia arudi waligawanyika juu yake ingawa aliwapa ubingwa wa ligi 2023. Iniesta yeye kinywa kilikuwa kimefungwa. Nadhani hiyo ndiyo tofauti nzima, kuliko hata ile fulana ya 2010.

Boga la Bilbao:

Naona makofi yamezidi humu, ngoja nipunguze. Mimi nimeishi Bilbao. San Mamés, uwanja wa Athletic ya Bilbao, walikuwa wanamzomea Iniesta kila akigusa mpira, huyuhuyu mpendwa wa wote.

Sababu ni Septemba 2010, miezi miwili tu baada ya goli la fainali. Beki wao Amorebieta alimkwatua Iniesta, akala nyekundu, na watu wa Bilbao wakaamini Iniesta alijirusha. Teke lenyewe lilikuwa teke kweli, nimelitazama marudio. Lakini watu wa Athletic wana kumbukumbu ndefu, na wao suala la Hispania kubeba Kombe la Dunia haliwatoi machozi kama Madrid. Walimzomea miaka na miaka. Jirani yangu, mstaarabu kabisa, mtu wa kukushikia mlango wa lifti, nilimsikia akizomea hadi sauti ikamkauka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye hana shida naye, ila ndiyo desturi.

Kiungo Mchezeshaji (mtoa mada):

Boga umeleta kitu ambacho wengi hatukijui, na kinaunga mkono alichosema Dada wa Lavapiés. Yale makofi yalikuwa na ramani yake.

Niongeze moja. Kupendwa hakukumpa tuzo. Ballon d'Or ya 2010, waliopiga kura ni makocha, manahodha na waandishi wa dunia nzima. Messi akapata asilimia 22.65, Iniesta 17.36, Xavi 16.48. Mtu kafunga goli la fainali ya dunia, wanampa mwenzake wa Barcelona ambaye Kombe la Dunia lile hakufunga hata goli moja. Aprili 2018, Iniesta anaaga, jarida la France Football lenye tuzo yake likaandika tahariri ya kumwomba msamaha. Wazee wa kijiwe chetu walisema msamaha hauwekwi kabatini.

Mama Wawili:

Mimi natazama mpira kwa sababu ya wanangu. Naomba niseme la upande mwingine.

Iniesta amezungumza hadharani kuhusu sonona. Ilimpata 2009, mwaka ambao timu yake ilibeba kila kombe. Ameumia mguu, rafiki yake Jarque kafariki, na mtu kila mmoja anamwona ana dunia mkononi, yeye anasubiri usiku ameze dawa alale. Mimi nilimsikia akieleza hayo kwenye runinga wakati nyumbani kwetu kuna mtu ameacha kula, hatoki chumbani, na ndugu wanasema ni uvivu, wengine wanasema amerogwa. Mwanangu mkubwa ndiye aliyemwambia baba yake mdogo, "Hata Iniesta ilimkuta, na alikwenda kwa daktari." Jina la mcheza mpira lilifanya kazi ambayo mimi na shemeji zangu tulishindwa. Alikubali kwenda hospitali.

Xavi na Ramos siwajui. Huyu namjua.

Bluu Damu:

Mama Wawili, hapo nimevua kofia. Pole na hongera kwa mgonjwa wenu.

Chipukizi 304:

Nyie wazee mnabishana ya kale. Mhispania anayependwa sasa hivi ni Lamine Yamal. Lile goli dhidi ya Ufaransa nusu fainali ya Euro 2024 kafunga ana miaka 16, baba Mmoroko, mama wa Guinea ya Ikweta. Shuleni kwetu kila anayefunga anaweka vidole 3-0-4 kama yeye, tarakimu za mwisho za msimbo wa posta wa mtaa wao.

Ngome ya Kirumba:

Chipukizi, Yamal anazomewa Bernabéu kila akifika. Bado hajaingia kwenye mada hii.

Mpita Njia RAK:

Niko Ras Al Khaimah, Falme za Kiarabu, natumikia hotelini. Iniesta alikuja kumalizia mpira hapa, klabu ya Emirates, msimu wa 2023/24, kabla hajatangaza kustaafu Oktoba 2024. Nilikwenda kumtazama na rafiki yangu wa Zanzibar. Timu ilikuwa mbovu, na msimu ulipoisha ikashuka daraja. Jamaa ana karibu miaka arobaini, anawapa pasi watu ambao wanashangaa kuupata mpira. Kuna moja alimwekea winga peke yake na kipa, winga akapaisha. Iniesta hakurusha mikono, hakutikisa kichwa. Aligeuka akarudi taratibu katikati kungojea goli kiki. Mashabiki wa ugenini, upande tuliokaa sisi, wakamwimbia jina, na mmoja wao akamsuta yule winga kwa Kiarabu kwa niaba yake.

Kop wa Kisauni:

RAK, una picha?

Mpita Njia RAK:

Ninayo ya mgongo tu. Namba 8 inaonekana vizuri. Naipandisha nikitoka zamu, mtandao wa wafanyakazi huku unasuasua.

Kiungo Mchezeshaji (mtoa mada):

Pandisha mkuu. Na kama kuna mdau yuko Kobe, alikochezea Iniesta, au aliwahi kupita Japani 2018 hadi 2023, namwomba naye ashuke hapa, hilo pengo bado hatujaliziba.